Nishani Nilizomwongezea Jenerali

Watu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, wananijua kwa sauti kabla ya sura. Nikiwa bado ndani ya lifti, mwenye duka la wigi pale chini ananyanyua kichwa, kwa sababu nimeanza kuongea tangu ghorofa za juu. Sijifichi, na sina sababu ya kujificha. Niliishia darasa la saba, nikauza mifuko ya nailoni Kariakoo nikiwa sina hata meza ya kuipanga, na leo nikisema kontena langu linaondoka, linaondoka. Vijana wenye shahada zao wanakuja kuniuliza kiwanda gani kinashona jinzi bila kuiba kitambaa. Nawaambia, halafu nawakumbusha kwamba mimi elimu hiyo sikuilipia ada.

Nimeyatanguliza haya ili msomaji ajue ni mtu gani anayesimulia. Ninachotaka kusimulia ni aibu, na aibu ya mtu aliyejitangaza kwa miaka mingi ina kishindo chake.

Mtoto wangu wa kwanza ni wa kike, na ndiye aliyekuwa ulimi wangu. Tulimleta hapa Guangzhou akiwa mdogo, akasoma shule za hapa, na Kichina anakiongea mpaka watu wakimsikia kwenye simu wanadhani ni mwenzao. Kiingereza nacho anacho, kile cha vitabuni. Mimi Kichina changu ni cha kalkuleta: nabonyeza bei, namwonyesha laoban, yaani mwenye duka, yeye anafuta, anabonyeza yake. Zaidi ya hapo naishiwa. Kwa hiyo tangu alipomaliza chuo tulikuwa tunaingia sokoni pamoja, mimi nasema na yeye anatafsiri. Nilimpa sharti moja tu: usipunguze neno langu. Nikisema huyu laoban ni mwizi, mwambie ni mwizi. Wakalimani wa wenzangu hulainisha maneno, na mzigo unakuja mbovu. Binti alizoea. Alikuwa akizitafsiri kelele zangu kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Basi siku moja mama yake akaniambia kuna kijana anataka kuleta posa.

"Mtoto wa nani?" nikauliza.

"Mjerumani."

"Mama wee! Kafiri?"

"Alisilimu zamani, kabla hata hajamjua mwanao. Tena Ijumaa ile ulisali naye safu moja, ukarudi nyumbani unamsifia soksi zake nyeupe."

Nikamkumbuka. Fundi wa mashine za viwandani, mrefu, mpole, anakuja mjini kila wiki kutoka kiwandani kwao. Sikuwa na neno baya juu yake, lakini nilikuwa nimeshajiandaa kukataa, maana binti yangu akiolewa mimi nitaongea na nani sokoni? Hapo ndipo mke wangu aliponiongezea, huku anakunja nguo, kama jambo dogo tu, kwamba baba wa kijana ni brigedia jenerali mstaafu wa jeshi la kwao.

Nikakaa.

"Umesema nani?"

Kesho yake, kwenye mgahawa wa yule mama wa Kitanzania anayetupikia pilau, neno "brigedia" nilikuwa nimeshalikata. Likabaki jenerali. "Naoza kwa jenerali," nikasema kabla sijanawa mikono. "Jenerali wa Kijerumani anapanda ndege kuja kunipigia magoti mimi."

Wafanyabiashara wenzangu wakanidaka kwa utani hapohapo.

"Aje akague gwaride la makuli pale sokoni Guangyuan Xilu," akasema mmoja. "Marobota yapo, saluti hakuna."

"Muulize anakuja kwa visa au anavamia."

Yule Mkenya wa viatu akafuta mdomo. "Sasa buda, ukishakuwa mkwe wa jenerali, ni sisi tutakupigia saluti ama ni wewe utatupigia?"

"Mtanipigia nyie," nikamjibu, "tena mguu mkanyage sakafu hii ipasuke."

Walicheka, na mimi nilifurahi. Tangu siku hiyo kila niliyekutana naye nilimpa habari ile. Kwa mawakala wa mizigo nilimpa jenerali vita alivyoshinda. Kwa wenye hoteli nilimpa vifaru. Sikuwa namjua hata sura.

Sura nikaitaka. Nikamwambia binti amwombe kijana picha ya baba yake akiwa kwenye magwanda. Ikaja kwenye simu, na nikavunjika moyo. Ilikuwa meza ndefu, maafisa wa nchi mbalimbali, kila mmoja na sare ya kwao na kibendera mbele yake. Katikati kulikuwa na mkubwa mmoja anazungumza huku amenyanyua mkono.

"Ndiye huyu?"

"Hapana, baba. Huyu hapa." Binti akanionyesha mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma, begani kwa yule anayezungumza. Mtu mdogo, miwani, kalamu mkononi, kichwa amekiinamisha kidogo anasikiliza.

"Mbona yuko nyuma?"

"Ndiyo ilikuwa kazi yake. Mnadhimu. Alifanya kazi kwenye makao makuu ya majeshi ya pamoja, nchi hii miaka kadhaa, halafu nyingine. Yeye ndiye anayepanga, mkubwa anasema."

Sikuyasikia hayo. Niliyasikia kwa masikio, lakini hayakuingia.

Tukaenda kwa mama mmoja wa Kichina anayechapa mabango, uchochoroni nyuma ya hoteli zetu. Nikataka amtoe jenerali pale nyuma ya bega la mwenzake, amweke peke yake, mkubwa, ukuta mzima. Akafanya, na kompyuta zao hawa watu hazishindwi. Lakini picha ilipokua, nikaona kifuani kuna vipande vichache tu vya utepe wa rangi, hata havikumaliza mstari wa pili. Mtu mzima, jenerali, kifua kitupu namna ile?

Nataka mnielewe hapa, si kwa kujitetea. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Unachukua sampuli, unaitazama, unamwambia laoban weka kifungo hapa, ongeza nakshi pale, badilisha kola, na gauni linakuwa lako. Nimelipa kodi ya nyumba miaka yote kwa kuongezea vitu vya watu nakshi. Nilipoiangalia ile picha, niliiona sampuli.

"Mwambie aongeze nishani."

Binti akanitazama. "Baba, hizi haziongezwi. Mtu anapewa."

"Nani atazihesabu? Mwambie ajaze huku kushoto mpaka kwenye mfuko. Na moja kubwa ya shingoni."

"Baba."

"We tafsiri."

Akatafsiri. Kwa sauti ileile ya hali ya hewa. Yule mama akatafuta kwenye kompyuta yake, akabandika misalaba, nyota, na kitu kimoja chenye nanga. Chini nikaandikisha KARIBU JENERALI kwa herufi za dhahabu. Nikalitundika sebuleni, nikamwalika kila mtu aje kuliona kabla ya siku yenyewe, na walikuja.

Posa ililetwa Jumapili baada ya alasiri. Upande wa kijana mshenga alikuwa mzee mmoja wa Kizanzibari, wakala wa mizigo, mtu ambaye wote tunampa kontena zetu na ambaye hajawahi kunyanyua sauti. Upande wetu msemaji alikuwa shemeji yangu, mjomba wa binti. Desturi mnaijua: washenga na wajomba ndio wanaosema. Mababa wazazi, wa huku na wa kule, wanakaa. Bibi harusi yuko ndani na wanawake, haonekani na hasikiki, mpaka aulizwe. Shemeji alinikumbusha mlangoni, "Shemeji, leo mdomo ni wangu." Nikamwambia ondoa shaka.

Jenerali akaingia. Sweta la kijivu. Suruali ya kawaida tu. Alivua viatu, na kabla hajanyanyuka akavigeuza, ncha zikatazama mlangoni, halafu akavigeuza na vya waliomtangulia, vyote, vikakaa mstari mmoja. Akatoa salamu ya Kiislamu vizuri, taratibu, kama mtu aliyeifanyia mazoezi kwenye ndege. Mshenga akaweka sinia: kilemba changu, mkaja wa mama, vyote vimefunikwa kitambaa cheupe kama inavyotakiwa. Mzungu yule alikuwa ameuliza kila kitu na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Halafu akaketi, akanyanyua macho, akaliona bango.

Alilitazama muda mrefu. Uso haukubadilika. Kisha akayashusha macho kwenye mkeka na hakuyapandisha tena.

Mshenga akaanza kwa maneno mazuri ya Kiunguja, tumekuja kuomba uzazi, tumeona ua kwenye bustani yenu. Shemeji akajibu. Wakaendelea hivyo, na jenerali kimya. Nikasubiri asifie nyumba. Kimya. Asifie bango. Kimya. Wenzangu niliowaalika wamejaa ukutani, wale wa mgahawani wote, kila mmoja ananiangalia mimi na yule mtu wa sweta. Nikaona Mkenya anamnong'oneza jirani yake na mabega yanawatikisika. Nikajisemea, huyu ananidharau. Ameona nyumba ya Mswahili, ameona inanukia pilau, ameona si wa kuongea naye.

"Mwulize," nikamkata mshenga katikati ya sentensi, "amepigana vita vingapi."

Shemeji akanishika goti. Mshenga akatabasamu. "Bwana, tuna msemaji, ndiyo mimi. Mzee mwenzio amekaa kama ulivyokaa wewe."

"Mwulize tu. Watu wanataka kujua."

Mshenga akamwinamia, wakazungumza kidogo kwa Kiingereza. "Anasema hakupigana. Alikuwa makao makuu, na watu wa mataifa mengi. Kazi yake kupanga."

"Kupanga nini?"

"Mipango."

Chumba kikacheka. Si kwa ubaya, lakini kikacheka, na mimi nikasikia wananicheka mimi, jenerali wangu, vifaru vyangu. Damu ikanipanda. Na mtu akinicheka sokoni, mimi huwa nafanya jambo moja, mkono unalifanya wenyewe kabla ya akili: namwita binti yangu.

Nikageukia mlango wa ndani, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ile wanayoijua watu wa lifti. Aje.

Wanawake waliguna nyuma ya pazia. Mama yake alisema, "We baba!" Shemeji alisema kitu. Lakini binti yangu, ambaye tangu atoke chuoni hajawahi kuitwa na mimi asije, alitoka. Kichwa amefunika mtandio, hina bado mbichi mkononi, vidole amevitawanya ili isiharibike. Akasimama kati ya mlango na mkeka, mbele ya mshenga wake, mbele ya mkwewe, siku ya posa yake.

"Mwambie huyu," nikasema, "mimi nilidhani naletewa jenerali, kumbe naletewa karani aliyevalishwa sare. Mwambie mimi darasa la saba nimepigana vita vikubwa kuliko vyake hapahapa Guangyuan Xilu, bila bunduki, na sikujificha nyuma ya bega la mtu."

Mtu angefikiri angenipunguzia. Hata mimi, ndani kabisa, nilitaka anipunguzie. Akamgeukia mkwewe, akasema yote. Kiingereza changu kidogo, lakini neno karani nalijua, na neno kujificha nalijua, na niliyasikia yakipita moja baada ya jingine, yote mazima, kwa sauti ya taratibu. Hina ilikuwa inamdondoka kwenye mtandio.

Jenerali alimtazama mshenga kwanza, kama anayeomba ruhusa. Mshenga akakubali kwa kichwa. Ndipo aliposema, naye hakunitazama mimi, alimtazama binti, na binti akanigeuzia maneno:

"Anasema umesema kweli kuhusu kazi yake. Lakini anakuomba ushushe ile picha. Zile nishani si zake. Anasema kuna watu walizipata kwa haki, wengine hawakurudi nyumbani, na yeye hawezi kukaa chini yake."

Mkenya alikuwa anatazama soksi zake.

Ningeweza kunyamaza hapo. Nimelifikiria sana hilo. Mpaka dakika ile nilikuwa mpayukaji tu, na mpayukaji watu humsamehe. Lakini nilikuwa na wageni ukutani.

"Si mimi," nikasema. "Ni yule mama wa mabango, Wachina wanavyoharibu kazi za watu. Mwambie. Mwambie yule mama alikosea."

Binti yangu akanitazama. Alikuwepo. Neno "ongeza" lilitoka mdomoni mwake kwa amri yangu. Nikasubiri. Jenerali akasubiri. Mshenga anajua Kiingereza, angeweza kutafsiri yeye, hakutafsiri.

"Mwambie," nikasema tena, kwa sauti ndogo safari hii.

Akageuka, akainua pazia kwa kiwiko ili hina isiguse, akaingia ndani.

Mshenga akasema tutapeana habari. Walivaa viatu vyao vilivyopangwa, wakaondoka. Sinia likabaki katikati ya mkeka na kitambaa chake, maana hakuna aliyejua kama limepokelewa au halikupokelewa.

Siku zilizofuata nilikwenda sokoni peke yangu. Mwanangu hakugombana na mimi. Alinipa shikamoo asubuhi, akaniwekea chai, na nilipochukua mkoba wangu yeye aliendelea kukaa. Mama yake aliniambia jambo moja tu: kijana anasema yeye hajarudi nyuma, lakini baba yake hawezi kuja tena kwenye nyumba ambayo ametukanwa kwa kinywa cha mkwewe, na bila baba yake yeye haleti posa, na bila posa mwanao haolewi, maana hatotoroka. Kwa hiyo yote yalikuwa mikononi mwangu.

Guangyuan Xilu bila ulimi ni mahali pabaya. Nilibonyeza kalkuleta. Laoban wa mashati, mwanamke ninayemnunulia tangu duka lake liko uchochoroni, akaniuliza binti yuko wapi, hilo nalielewa. Nikaonyesha ishara ya kulala, kwamba anaumwa. Akanipa chungwa nimpelekee. Nikatoka na chungwa mkononi, makuli wananipita na marobota, na nikawaza kwamba sasa nimemdanganya hata huyu, na huyu hakuniuliza kwa ubaya.

Bango nililishusha mwenyewe. Ni kitu kizito, kile kitambaa cha plastiki, na hakikunjiki, kinarudi. Kila nikikibana jenerali alijitokeza upande, jicho au nyota. Mwishowe nikalizungusha kama jamvi, nikaliegemeza kibarazani, nikaenda kwa mshenga.

Nilitaka kwenda hotelini kwa jenerali moja kwa moja. Mshenga akaniuliza, "Utamwambia nini, na kwa lugha gani?"

Kiingereza changu chote cha kusema ni cha bei. Bei nzuri rafiki yangu, bei ya mwisho rafiki yangu. Mtu huwezi kuomba radhi kwa maneno hayo.

"Basi nitakwenda na wewe," akasema. "Lakini mimi nasema, wewe unakaa."

Tulimkuta kwenye mgahawa wa chini ya hoteli yake, anakunywa chai peke yake. Alisimama aliponiona. Hilo lilinichoma zaidi kuliko angenigeuzia kisogo. Nilisema yangu kwa mshenga: kwamba nishani niliziongeza mimi, kwamba yule mama wa mabango hakukosea, kwamba nilimwita binti pasipostahili. Mshenga alitafsiri. Alitumia maneno machache kuliko yangu, na nina hakika yalikuwa bora.

Jenerali alikaa na kikombe chake. Kisha akaanza kueleza kazi yake, na sijui kwa nini alinieleza, labda kwa sababu ndicho nilichokuwa nimekidharau. Alianza kijana, luteni. Wakagundua ana subira. Wakampeleka ofisi ya nchi nyingine, na nyingine, kila baada ya miaka michache anafunga mizigo, mkewe analalamika, mtoto anabadilishwa shule mpaka akaacha kutafuta marafiki. Kwenye zile meza kila nchi ilitaka barabara yake, saa zake, malori yake yatangulie. Yeye anazunguka kwa huyu na kwa yule, mpaka mkubwa aseme neno ambalo wote walikuwa wameshalikubali jana yake.

Mshenga akacheka kidogo. "Ni kama mimi na mizigo ya kichele," akaniambia. "Watu arobaini kwenye kontena moja, na kila mmoja nimhakikishie kwamba wake uko mlangoni."

Nikaelewa hapo. Ilinichukua kontena kuelewa.

Halafu jenerali akasema jambo jingine, na mshenga alisita kabla ya kunigeuzia. Kuna mji mmoja, hakuutaja, ambako watu walikuwa wanasubiri unga. Mkubwa wake aliuambia mkutano kwamba barabara ni salama. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya bega lake, na asubuhi hiyo alikuwa amepata habari kwamba si salama. Haikuwa zamu yake kusema. Akasubiri mkutano uishe ili amnong'oneze. Mkutano ulirefuka, malori yakaondoka. Kuna madereva hawakurudi.

"Moja ya nishani zangu za kweli," akasema, "nilipewa mwaka huo. Sijaivaa tena. Kwa hiyo nilipoingia kwako nikakuta umenijazia kifua..." Akazungusha kikombe kwenye kisahani.

Mimi, ambaye nina maneno kwa kila mtu, nilipata moja tu. Nikamwambia pole, kwa Kiswahili, na mshenga hakuitafsiri, haikuhitaji.

Tulipoagana aliuliza bango liko wapi. Nikasema nimelizungusha. Akasema kitambaa kile ni kizuri, nisikitupe, nikigeuze ndani nje kifunike marobota wakati wa mvua. Nilifikiri ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anapanga.

Posa ikaletwa mara ya pili, Jumapili nyingine, alasiri ileile. Mshenga alitushauri tusitaje ya kwanza, na hatukuitaja. Sikumwalika mtu. Ukutani zilibaki alama za gundi kwenye pembe nne. Jenerali akavua viatu, akavipanga. Sinia ni lilelile, mke wangu alikuwa amelirudisha kimyakimya kwa mshenga ili liletwe tena. Maneno ya uzazi na ua na bustani yakaanza upya kana kwamba hatujawahi kuyasikia. Mimi nilikaa. Mikono niliibana kati ya magoti. Kuna mahali shemeji alikosea, alisema jambo juu ya mahari ambalo ningeweza kulisema vizuri zaidi mara kumi, na ulimi ulinicheza kinywani kama samaki ndani ya ndoo. Nikaubana. Nilipogeuza macho nikaona jenerali ananitazama, kisha akatazama mkeka.

Shemeji akamtuma mke wangu ndani akamuulize binti. Alikaa huko kuliko desturi. Aliporudi akasimama penye pazia.

"Ameridhia," akasema. "Ila ana ombi moja. Siku ya ndoa, baba yake asiozeshe mwenyewe. Amwakilishe sheikh, ampe yeye uwakala wa kuozesha."

Shemeji alisema hilo halina tatizo, mababa wengi hufanya hivyo, sheikh ana maneno mazuri. Mshenga akasema kweli kabisa. Kila mtu alilipokea kama jambo la kawaida, na ni la kawaida. Mke wangu peke yake hakuondoa macho kwangu.

Tangu azaliwe nilikuwa nimeyahifadhi maneno yale ya kuozesha. Sikuwa na elimu nyingine ya Kiarabu zaidi ya sala, lakini hayo nilijifunza, nikayarudia bafuni, kwenye metro, kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwinamishia kichwa shemeji, kumwambia aseme ndiyo. Akasema ndiyo.

Siku ya ndoa sheikh alinigeukia na nikasema neno moja tu, "Nimekuwakilisha." Likatoka dogo, akaniomba nilirudie ili mashahidi wasikie. Mimi, niombwe kuongeza sauti. Nikalirudia. Sheikh akamwoza binti yangu kwa maneno mazuri kweli, na jenerali na mimi tulikaa bega kwa bega nyuma yake.

Binti anakaa hukuhuku, karibu na kiwanda cha mumewe. Siku moja moja anakuja kunisaidia Guangyuan Xilu, akipenda. Bango linafunika marobota yangu kibarazani, sura chini. Wiki iliyopita laoban wa mashati alinipandishia bei, nikapandwa, nikaanza: mwambie huyu mwanamke... Zamani angekuwa ameshaanza kutafsiri. Siku hizi hatafsiri papo hapo. Ananitazama kwanza, ananiachia nafasi ndogo, kama mtu aliyekushikia mlango. Laoban alikuwa anasubiri. Nikakumbuka lile chungwa.

"Basi," nikamwambia binti yangu. "Mwambie tutarudi kesho."

Akatafsiri.